Mbura wa Simbo

Msafiri anayeshuka garimoshi katika stesheni ya Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika huko mwaka 1914, hulakiwa na ziwa, kisha na miembe, kisha na harufu ya dagaa na mawese. Vitu hivyo ndivyo vijazavyo barua za wageni wanaoandika nyumbani. Miembe imejipanga kando ya barabara kuu ya mji kama askari wa gwaride, na huko Ujiji kila mtoto wa shule anaweza kumwonyesha mgeni mahali ulipokuwa mwembe ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Ni miti mizuri, na kivuli chake hakina mfano saa nane za mchana. Hata hivyo mwembe ni mgeni katika nchi hii. Asili yake ni Asia, ukaingia bara pamoja na misafara. Leo ningependa kumchukua msomaji hadi kwa mwenyeji, mti ambao haukupandwa na mtu, wala haukuletwa na msafara, na ambao hauonekani katika picha za posta. Huo ndio mbura.

Ili kuuona vema yafaa mtu aage ziwa aende Simbo. Simbo ni lango la kusini la Kigoma: ndipo inapoanzia barabara iendayo Ilagala, ambako Mto Malagarasi huvukwa, na kuendelea mpaka Kalya, karibu na Milima ya Mahale. Upande mmoja kuna bonde la Mto Luiche, lenye mpunga, migomba na michikichi iliyosongamana. Upande mwingine ardhi huinuka taratibu, udongo hugeuka kuwa mwekundu wenye changarawe, na miti ya miombo huanza. Ni safari fupi kwa gari la abiria, lakini kati ya bondeni na mlimani mtu hudhani amebadili nchi.

Katika miombo hiyo, miti mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Kuanzia Julai msitu huwa wa kijivu, nyasi zimekauka, na moshi wa moto wa nyika hupanda huku na huko. Mwezi wa Septemba, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, mitundu na miyombo huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu kama shaba, jambo linalomshangaza kila mtu alelewaye mjini na kufundishwa kuwa mti hungoja mvua ndipo uvae. Mbura hauna mambo hayo. Mwaka mzima uko kijani. Ukisimama juu ya kilima chochote karibu na Simbo wakati wa kiangazi, utaiona mibura mmoja mmoja, mahali pengine miwili mitatu, imetanda kama miavuli iliyosahauliwa wazi katikati ya nchi iliyokauka.

Ukaribie. Shina lake ni la kijivu kilichokoza, lenye gome nene lililopasukapasuka mithili ya ngozi ya mamba. Gome hilo ndilo ngao yake: moto wa nyika hupita chini, ukaunguza nyasi na miche ya miti mingine, nao mbura ukabaki na masizi tu. Jani lake ni gumu kama ngozi, kijani kibichi kwa juu. Ligeuze uone upande wa chini, ni mweupe wa kijivujivu, una vinyweleo laini kama kitambaa cha fulana. Upepo uvumapo kutoka ziwani mti mzima hubadilika rangi mara moja, ukawa kama umenyunyiziwa majivu, kisha ukarudi kuwa kijani. Watu wa huko hawashangai. Mimi nilisimama nikautazama kwa muda ambao dereva aliuona kuwa ni mrefu mno.

Wataalamu wa mimea waliupa mti huu jina la Kilatini la Parinari curatellifolia. Kwa miaka mingi waliuhesabu katika ukoo wa waridi, ukoo uleule wa matofaa, na wa ile miti midogo ya miiba yenye maua meupe na matunda mekundu ambayo Waingereza huipanda kuwa nyua za mashamba yao. Baadaye waliutenga pamoja na ndugu zake, wakaupa ukoo wao wenyewe. Kwa hiyo mbura ulikuwa binamu wa waridi kwa karatasi, ukaachishwa undugu huo kwa karatasi vilevile, nao ukiwa umesimama palepale ukiangusha matunda.

Majina yake kwa wenyeji yamedumu zaidi. Kiswahili huuita mbura. Watu wengi wa magharibi ya nchi husema mbula. Kwa Kirundi, lugha iliyo ndugu wa damu wa Kiha, ni umunazi. Hapo nawaonya wasomaji wa pwani: mtu wa Bagamoyo akiambiwa kuna umunazi shambani asije akachukua panga kwenda kuangua dafu. Mti huu umeenea tangu Senegal hadi Afrika ya Kusini, na kila taifa lina jina lake na heshima yake. Washona wa Zimbabwe, wanaouita muhacha, wamekuwa wakikusanyika chini yake kuomba mvua.

Mti wa Chitambo

Jina la mbula limeingia katika historia kwa njia ambayo Ujiji, pamoja na umaarufu wake wote, haijajisifia. Livingstone alipoagana na Stanley huko Unyanyembe mwaka 1872 alirudi kusini, akapita mashariki ya Ziwa Tanganyika, akafika nchi ya vinamasi vya Bangweulu katika Zambia ya leo, akafa katika kijiji cha Chitambo mwezi wa Mei 1873. Wenzake Waafrika waliamua kuurudisha mwili pwani. Moyo waliuzika palepale, chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, akachonga maandishi katika gome. Katika kitabu cha kumbukumbu za mwisho za Livingstone, kilichochapishwa mwaka 1874, mti huo umeandikwa mvula. Ndio huu mbura wetu. Wabemba huuita mupundu.

Msafara ule uliongozwa na Chuma na Susi. Hawa ndio walewale waliokuwa Ujiji siku Stanley alipoingia, na Susi alikuwa wa kwanza kukimbia kumlaki. Waliubeba mwili mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwezi wa Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster, London. Mti wa Chitambo ulianza kuoza. Mwaka 1899 ulikatwa, na kile kipande chenye maandishi kikapelekwa London katika Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mwaka 1902 nguzo ya mawe ikasimamishwa mahali pake.

Kwa hiyo safari mashuhuri ya mzee yule ina miti miwili. Mwembe wa Ujiji ulishuhudia kupeana mikono, nao una nguzo, jumba la makumbusho na watalii wenye kamera. Mbura ndio uliopewa moyo. Nadhani mwalimu yeyote wa Kigoma atakayewapeleka wanafunzi wake kwenye kumbukumbu ya Ujiji angeweza siku hiyohiyo kuwafikisha Simbo, akawaonyesha na mti wa pili.

Chakula cha mwisho wa kiangazi

Tuache historia, twende chini ya mti. Tunda la mbura lina umbo la yai dogo, gumu, la rangi ya kahawia yenye madoadoa ya kijivu, kana kwamba limeviringishwa katika vumbi. Halipendezi machoni. Tabia yake ya ajabu ni kwamba huanguka kabla halijaiva vizuri, na kuivia chini. Mtu hapandi kuchuma, huokota. Baada ya siku kadhaa nyama yake huwa ya manjano, ya ungaunga, tamu yenye harufu nzito ambayo huweza kunuswa kabla mti wenyewe haujaonekana. Watoto hulila hivyohivyo njiani kutoka shule. Watu wazima hulitwanga wakapata uji, na katika nchi nyingi hutengenezwa pia pombe.

Faida kubwa zaidi iko ndani. Katikati ya tunda kuna kokwa ngumu sana yenye vyumba viwili, na katika kila chumba kuna kiini chenye mafuta, ladha yake kati ya karanga na korosho. Kukipata ni kazi. Kokwa huwekwa juu ya jiwe, ikapigwa kwa jiwe lingine, na pigo likizidi kiini husagika pamoja na maganda. Viini vikitosha hupondwa na kutiwa katika mboga kama vile watu wa mijini watiavyo karanga. Hayo yote huja mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, wakati ghala linapochungulia chini na mahindi mapya hayajapandwa. Mpishi mwema wa Dar es Salaam, ambaye anajua bei ya kilo ya karanga, ataelewa haraka maana ya mti unaomwaga mboga chini bila kupaliliwa.

Binadamu si mlaji wa pekee. Nyani hula, tembo pale walipobaki hula na kuzisambaza mbegu, na sokwe wa Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, huyapenda mno matunda haya. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwezi wa Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, aliyaona wakiyala tangu miaka yake ya mwanzo huko. Hapa kuna fumbo zuri. Katika msitu wa Taï nchini Kodivaa, sokwe huvunja kokwa za mti ulio ndugu wa mbura kwa kutumia mawe, kama binadamu; mama huonekana akigonga na mtoto akitazama. Sokwe wa Gombe, ambao ni mafundi hodari wa kuvua mchwa kwa vijiti, hula nyama ya tunda na kuiacha kokwa. Mawe yapo, kokwa zipo, njaa ipo. Ufundi huo haukuzuka kwao, au haukufika.

Vigingi katika shamba

Katika shamba moja nje kidogo ya Simbo nilimkuta mama mmoja, umri wake kama miaka sitini, ameketi na wajukuu wawili chini ya mbura, mawe mawili mbele yake. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akanisalimu kwa Kiha, “Mwakeye,” na alipoona nimeduwaa akacheka, akanisogezea kiini kimoja katika kiganja. Shamba lile ni la marehemu mumewe. Mti ameukuta alipoolewa, na waliofyeka pori walikuwa wameubakiza.

Kubakizwa huko si kwa mapenzi tu. Mbao za mbura zina chembechembe ngumu kama mchanga ndani yake, ambazo hula meno ya msumeno. Fundi akipasua ubao mmoja hana budi kunoa. Ndiyo maana mininga iliyokuwa jirani ilikwenda zamani, ikawa vitanda na milango ya mijini, na mbura ukaachwa pale peke yake. Lakini kwa mkaa haichagui mtu sana; shoka halina meno ya kuvunjika, na miji inahitaji mkaa kila siku. Huko Uvinza, kwenye njia ya reli, maji ya chumvi yamechemshwa kwa kuni za miombo kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo nchi hii haikuanza jana kulisha moto. Tofauti ni kwamba zamani nafasi ilikuwa kubwa na watu wachache.

Siku ile jambo lenyewe lilikuwa michikichi. Mchikichi ni mti wa heshima Kigoma, na mawese yake ndiyo yaliyosomesha watoto wengi wa Ujiji na vijiji vyake. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni kubwa ya kulifufua zao hili, ili nchi ipunguze kununua mafuta ya kula kutoka nje. Kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, ambazo huzaa mapema na kutoa mafuta mengi kuliko michikichi ya kienyeji. Ni mpango mwema, na sioni mtu mwenye akili timamu atakayeupinga akiwa na chupa ya mafuta mkononi na bei yake kichwani. Lakini mchikichi unataka jua. Hupandwa kwa nafasi ya mita tisa, na hauvumilii kivuli kizito.

Mtoto wa mama yule, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameshapima shamba na kusimika vigingi. Vilikuja vimenyooka kutoka barabarani, safu kwa safu, mpaka kwenye ukingo wa kivuli cha mbura, vikakoma.

“Mama, hapa ingeingia mitatu, labda minne,” alisema kwa adabu, macho yake yakiwa kwangu kana kwamba mimi ni hakimu. “Na ile ya pembeni itadumaa kwa kivuli.”

“Hiyo minne itazaa lini?”

“Miaka mitatu, minne.”

“Na kabla ya hapo, Oktoba hawa watakula vigingi?”

Kijana hakujibu. Hakuwa mkaidi. Ana ada ya shule ya kulipa, ana mke, na hesabu yake ni sahihi: michikichi minne ni mafuta ya kuuza kila mwaka, ilhali matunda ya mbura hayana mnunuzi wa maana sokoni. Hesabu ya mama nayo ni sahihi. Viini alivyovunja asubuhi ile vilikuwa vimejaa bakuli, na katika nyumba ile hapakuwa na karanga. Ubaya wa mizani hii ni kwamba upande mmoja huandikwa katika daftari la mnunuzi na upande mwingine huliwa ukaisha bila kuandikwa popote, na wanaopanga mambo ya mashamba husoma madaftari.

Kuna jambo jingine ambalo kijana mwenyewe alinieleza bila kulipambapamba. Mbura haupandiki kwa urahisi. Kokwa ile ngumu huchukua muda mrefu sana ardhini, na nyingi haziotoi kabisa. Mti huongezeka zaidi kwa machipukizi ya mizizi, yakiachwa yasilimwe wala kuchomwa. Shamba likilimwa kila mwaka machipukizi hayo hukatwa kwa jembe yakiwa na kimo cha kidole. Maana yake ni kwamba mchikichi ukikosewa huweza kung'olewa na mwingine ukapandwa msimu ujao, lakini mbura wa shambani ukishaangushwa, hakuna bustani ya miche atakayokwenda mtu kuuliza mwingine.

Nilimwuliza mama kama hawezi kupata matunda ya mibura ya kule porini. Alinyoosha mkono kuonyesha vilima. Zamani, alisema, pori lilianza pale penye nyumba ya tatu. Sasa msichana akienda kuokota huondoka alfajiri akarudi jua likiwa kichwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimevipa vijiji uwezo wa kutenga misitu yao na kuiwekea kanuni, na katika Mkoa wa Kigoma viko vijiji vilivyofanya hivyo, hasa kwa ajili ya vyanzo vya maji na sokwe waishio nje ya hifadhi. Kanuni za namna hiyo hulinda pori. Mti mmoja katikati ya shamba la mtu ni mali ya mazungumzo ya nyumbani.

Mazungumzo hayo, kwa kadiri nilivyoyasikia, yalifika hapa: vigingi visisogee mpaka mvua za kwanza, kijana aende Kihinga akaulize kama safu zinaweza kupindwa kuuzunguka mti, na mihogo ipandwe upande wenye kivuli kidogo. Mama alikubali matawi mawili ya chini yakatwe, yale yanayoelekea mashariki. Kijana alitaka manne. Mjukuu mkubwa, ambaye hakuulizwa, alisema tawi la pili ndilo lenye bembea.

Msomaji atakayesafiri kwenda Kigoma afanye hima kufika Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa zimeungua na njia za vilimani zinapitika. Anaposhuka Simbo aulize mbura au mbula, asichague tunda lililo gumu, na asiogope madoadoa. Achukue lile lililolala chini siku tatu au nne, linalobonyea kidogo kwa kidole. Kokwa asizitupe. Atafute mawe mawili, moja bapa na moja la kushika vizuri mkononi, agonge kwa ubavu wala si kwa ncha, pole pole. Mimi nilivunja kokwa kumi na nne nikapata viini vizima vitano, na watoto wale wakahesabu kwa sauti.